Bomba la darini: kisa cha nyumba yetu ya Fort Worth, Februari 2021

Ijumaa ya tarehe 19 Februari 2021, kwenye saa 8 mchana, jua lilikuwa limetoka na theluji ya paani ilikuwa ikidondoka matone mbele ya dirisha. Umeme ulikuwa umerudi tangu Jumatano. Nilikuwa sebuleni nakunja mablanketi, nikimshukuru Mungu kwamba ile dhoruba ya baridi imepita na sote wazima. Nikasikia sauti juu ya kichwa, kama mtu anapepeta mchele kwenye ungo. Nikadhani ni theluji inaporomoka. Baada ya muda mfupi dari ya korido ikaanza kutuna, rangi yake ikageuka kama chai ya maziwa. Mwanangu mkubwa akaigusa kwa ncha ya ufagio, ikapasuka. Maji yakatushukia pamoja na vipande vya jipsam na mabonge ya pamba ya kijivu iliyolowa, mazito kama uji wa ulezi uliopoa.

Nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri tulizipata Jumanne. Nyumba ilipasuka Ijumaa, jua likiwaka. Hizo siku tatu katikati ndizo zilizonifanya nikifuatilie kisa hiki mpaka mwisho. Kwa miezi kadhaa niliwauliza mafundi, nikapanda darini mwenyewe na tochi, nikapima kwa vipima joto. Nayaandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaoishi Texas na majimbo mengine ya joto. Ndugu zetu wa Minnesota au Maine wamekwisha kufundishwa na majirani zao tangu mwaka wa kwanza. Sisi wa huku tunaishi kana kwamba baridi si yetu, na nyumba zenyewe zimejengwa kwa dhana hiyohiyo.

Nyumba yetu ilijengwa mwaka 1996, ya chini, isiyo na ghorofa. Msingi wake ni zege lililolazwa juu ya ardhi, hakuna chumba cha chini. Maji yanaingia kutoka barabarani, yanapanda ndani ya ukuta wa banda la gari mpaka darini. Huko ndiko liliko tanki la maji moto, na kutoka hapo mabomba ya shaba yanatambaa juu ya dari na kuteremka kwenye kila bafu na jikoni. Fundi wa Minnesota akiona hivyo atashika kichwa, kwa sababu kwao bomba hupita chini, kwenye chumba kilichozungukwa na udongo. Lakini hapa adui anayejulikana ni joto. Julai na Agosti tunapitisha nyuzi 38 siku baada ya siku, kwa hiyo paa limewekewa matundu ya hewa kando na kileleni ili joto litoke. Upepo wa baridi unaingia kwa matundu hayohayo, na kitu cha kwanza unachokutana nacho ni bomba.

Mwaka 2019 tulilipa watu waje kupuliza pamba ya kioo (nyuzi laini za kuzuia joto lisipite) darini ili bili ya kiyoyozi ipungue. Ilipungua kweli, tukafurahi. Naomba msomaji alishike jambo hilo, nitalirudia.

Habari za baridi zilianza kutangazwa karibu wiki nzima kabla. Kufikia Jumapili tarehe 14, kaunti zote 254 za Texas zilikuwa chini ya onyo la dhoruba ya theluji. Tulijiandaa kama watu wa Tanga tunavyojiandaa kwa jambo lolote: chakula. Unga, maharage, mchele, maziwa ya watoto, mishumaa, mafuta ya gari. Tukatoa mablanketi. Bomba moja la jikoni tukaliacha likitiririka maji baridi kidogo, kwa kuwa mfanyakazi mwenzangu alinishauri hivyo. Mpira wa kumwagilia bustani ulibaki umefungwa kwenye koki ya nje. Hakuna aliyeuwaza.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, kupita saa 7, waendeshaji wa gridi, yaani mtandao wa umeme wa jimbo, waliamuru umeme ukatwe. Mitambo ilikuwa inaanguka mmoja baada ya mwingine, mingi ikiwa ya gesi, kwa sababu visima, mabomba ya gesi na vifaa vya mitambo viliganda wakati kila nyumba inataka umeme zaidi. Gridi ya Texas imejitenga na majirani zake, haikuweza kuazima kiasi cha maana. Baadaye tuliambiwa ilibaki dakika 4 na sekunde 37 tu gridi yote ianguke, na ingeanguka kuirudisha kungechukua wiki au zaidi. Onyo lilikuwepo. Baridi ya Februari 2011 ilisababisha mgao, na ripoti ya serikali ya Marekani mwaka huohuo ilipendekeza mitambo na visima viandaliwe kwa baridi. Sheria ya Texas ya kuilazimisha mitambo ijiandae ilitiwa saini Juni 2021, baada ya vifo 246 kwa hesabu ya idara ya afya ya jimbo. Wengi wao waliuawa na baridi yenyewe.

Tuliambiwa umeme utakatwa kwa zamu. Zamu yetu ilidumu siku mbili na nusu.

Hita yetu inatumia gesi, na gesi ilikuwa inakuja, kwa hiyo tulidhani tuko salama. Hapo ndipo wengi tulipokamatwa. Hita ya gesi ina feni ya kusukuma hewa na kidhibiti joto ukutani, vyote vya umeme. Umeme ukikatika, gesi yote ya dunia haikusaidii. Jiko la kupikia tuliliwasha kwa kiberiti tukapika chai na maharage. Tanki la maji moto lilikuwa la zamani, lenye kimoto kidogo kinachowaka muda wote bila umeme, kwa hiyo maji moto yalikuwapo. Jambo hilo pia lilitudanganya.

Jumatatu saa 6 mchana ndani ya nyumba ilikuwa nyuzi 12. Jumanne alfajiri ilikuwa 4. Nje, uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth ulipima nyuzi 19 chini ya sifuri, baridi ambayo haikuwahi kupimwa eneo hili tangu 1949.

Jumatatu jioni alinipigia simu dada mmoja wa Bukavu, Kongo, anayeishi kwenye fleti za mtaa wa pili, tunasali pamoja. Akaniambia, "Dada, batoto banasikia baridi mingi. Nitawasha mbabula ndani, kidogo tu." Mbabula ni jiko la mkaa. Wanalo pale kibarazani, wanachomea samaki na mahindi. Nilimkatalia kwa ukali ambao sijawahi kumtolea. Mkaa unapowaka unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, inakulaza usingizi na huamki. Kwetu pia inaua kila msimu wa baridi, Njombe inaua, Limuru inaua, lakini nyumba nyingi za nyumbani zina mwanya kati ya ukuta na bati. Fleti ya Marekani imefungwa kama chupa. Wiki ile zaidi ya watu 1,400 Texas walitibiwa hospitali kwa gesi hiyo: wengine waliingiza majiko ya mkaa, wengine jenereta, wengine waliwasha gari ndani ya banda wapate joto. Nilimwambia, "Mama, wavalishe nguo zote walizonazo mje kwangu kwa miguu." Wakaja, watu watano juu ya barafu, dakika ishirini za mwendo wa kobe.

Tulilala watu kumi chumba kimoja. Tulichagua cha katikati, chenye ukuta mmoja tu wa nje. Tukatandika magodoro sakafuni, tukatundika kanga na mablanketi mlangoni na dirishani. Kile chumba hakikushuka chini ya nyuzi 11 wakati sebule iko 4. Katika yote tuliyoyafanya wiki ile, hili ndilo tulilipatia sawasawa, na halikutugharimu senti.

Sasa nije kwenye kosa. Jumanne asubuhi, koki ya maji moto kwenye bafu la watoto haikutoa kitu. Nikasema, kama ambavyo mtu yeyote aliyekulia Tanga angesema, "Maji yamekatika." Kwetu maji yakikatika unaweka ndoo chini ya koki, unaacha wazi, unaendelea na shughuli zako. Tatizo liko kwa watu wa maji, yatakuja usiku. Na kweli mji ulikuwa na shida ya maji. Mitambo ya kusafisha maji ilikosa umeme, na mamilioni ya watu wa Texas waliambiwa wachemshe maji ya kunywa. Kila kitu kiliniunga mkono. Lakini jikoni maji baridi yalikuwa bado yanatiririka. Yangekuwa yamekatika mtaani, yasingetoka jikoni. Bomba moja kukauka na jingine kutoa ndani ya nyumba ileile ni ishara ya barafu, na ilikuwa mbele ya macho yangu kwa siku tatu. Hata zile koki tulizifunga tena baada ya kuona hazitoi. Ningejua, ningeziacha wazi na kufunga koki kuu Jumanne ileile. Korido yetu ingekuwa nzima.

Fundi bomba aliyekuja wiki iliyofuata, mzee wa Kimeksiko aliyekuwa hajalala kwa siku kadhaa kwa wingi wa kazi, alikata kile kipande cha shaba akanipa mkononi. Ninacho mpaka leo. Bomba la nusu inchi, limefura upande mmoja kama shavu la mtoto mwenye jino bovu, na juu ya uvimbe huo kuna mpasuko wa urefu wa kidole gumba, kingo zake zimegeukia nje kama midomo. Nikamwambia barafu ilikaa hapo. Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa tochi: barafu ilikuwa karibu mita mbili nyuma, upande wa kaskazini, chini ya tundu la hewa.

Hapo nilianza kuelewa. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa kama asilimia 9. Mtu hudhani barafu inalisukuma bomba kutoka ndani mpaka lipasuke palepale ilipo. Mara nyingi haiwi hivyo. Barafu inaanza kama kizibo na kurefuka kufuata bomba, ikisukuma maji yaliyo mbele yake kuelekea kwenye koki. Koki ikiwa imefungwa, maji yale yamenaswa kati ya kizibo na koki, hayana pa kwenda, na maji hayabonyei. Shinikizo linapanda mpaka sehemu dhaifu inaachia, hata kama sehemu hiyo haina barafu hata chembe. Ndiyo maana koki inayodondosha maji inaokoa bomba. Watu wengi wanaamini ni kwa sababu maji yanayotembea hayagandi. Hilo lina ukweli kiasi, lakini faida kubwa ni kwamba shinikizo linapata mlango wa kutokea. Hata barafu ikiziba, bomba halipasuki kama mbele yake kuko wazi.

Na ndiyo maana pia koki yetu ya jikoni haikulisaidia bafu la watoto. Ilikuwa kwenye tawi jingine, tena ya maji baridi peke yake. Bomba la maji moto la bafu la watoto lilikuwa mbali, limefungwa, upande wa kaskazini.

Zile siku tatu nazo zikajieleza. Bomba lilipasuka Jumanne au usiku wake, lakini barafu ileile iliyolipasua ndiyo iliyoziba maji yasitoke. Ijumaa jua lilipopasha paa, kizibo kikayeyuka, maji ya mtaani yakapata njia.

Kulikuwa na swali moja ambalo mzee yule hakunijibu, nilijijibu mwenyewe nilipopanda darini mwezi Machi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwahi kugandisha mabomba darini kwa makusudi na kuona kwamba bomba lisilofunikwa huanza kuganda nje kunapofika kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Tangu nyumba hii ijengwe, baridi ya namna hiyo ilikwishapita, na mwenye nyumba wa kwanza alituambia hakuwahi kupasukiwa bomba. Kwa nini sisi?

Jibu lilikuwa ile pamba ya 2019. Mabomba yalifungwa kwenye mbao, juu kidogo ya dari. Zamani pamba ilikuwa haba, joto la vyumbani lilikuwa linapenya dari na kuyafikia. Wafanyakazi walipopuliza pamba mpya, ilijaa chini ya mabomba na kuishia hapo, mabomba yakabaki juu. Tuliyatandikia godoro, hatukuyafunika blanketi. Tulichofanya kwa ajili ya Agosti kilikata njia pekee ya joto kuyafikia mabomba Februari. Pamba haina joto lake. Inalinda tu joto linalotoka mahali, na darini joto linatoka chini, vyumbani. Bomba likikaa upande wa chini wa pamba linaishi na watu wa nyumba. Likikaa juu yake linaishi na upepo.

Sisemi pamba ni mbaya. Nasema aliyepuliza alifanya alichoagizwa, na sisi tuliagiza nusu ya kazi. Yeyote anayepulizia pamba nyumba ya Texas aulize swali hili moja kabla ya kulipa: mabomba yangu yatakuwa chini yake au juu yake?

Nirudi kidogo kwenye ile Ijumaa, maana kuna jambo sitaki kuliruka. Maji yalipoanza kumwagika, mume wangu aliuliza, "Koki kuu iko wapi?" Miaka mitatu ndani ya nyumba ile na hatukujua. Iko kwenye sanduku la mita, chini ya nyasi karibu na barabara, na mfuniko ulikuwa umegandiana na barafu. Aliuvunja kwa koleo, akakuta koki isiyogeuka kwa mkono. Jirani ndiye aliyekuja mbio na ufunguo wake mrefu wenye umbo la T. Dakika 25. Kwa makadirio yangu ilikuwa ndoo ya lita 20 kila dakika, hesabu mwenyewe. Sakafu ya vyumba viwili ilivimba, kuta zikakatwa mpaka usawa wa kiuno zisiote ukungu. Tuliishi na mafeni ya kukaushia yakiunguruma usiku na mchana.

Bima ilitulipa sehemu kubwa, na nimejifunza kwa nini. Bima nyingi za nyumba hugharamia bomba lililopasuka ghafla, lakini zina sharti kwamba mwenye nyumba awe alijitahidi kudumisha joto au alifunga maji na kuyamwaga. Mkaguzi aliniuliza hasa hilo. Nilikuwa na picha za kidhibiti joto kikiwa kimezima na ujumbe wa simu kuhusu umeme kukatika. Piga picha za kila kitu, na bomba lililokatwa usilitupe.

Kazi ya kuiandaa nyumba upya tuliifanya kwa awamu kati ya Aprili na Novemba 2022, kadiri fedha zilivyopatikana. Kwanza darini. Fundi aliyashusha mabomba yaliyoweza kushuka yakalala karibu na dari, tukaondoa pamba iliyokuwa chini yake, tukayavika sponji, kisha tukatandaza pamba ya mikeka juu yake kama hema, kingo zote zikagusa dari. Kazi ya siku mbili, vumbi linawasha mpaka kwapani. Vaeni barakoa na mikono mirefu. Kama nyumba ni ya kabla ya 1990 na mkakuta darini chembechembe za kung'aa mfano wa kokoto nyepesi za kahawia, msiziguse kabisa. Hiyo inaweza kuwa vemikulaiti (kizuia joto cha zamani) yenye asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, mtaalamu aitazame kwanza.

Halafu upepo. Hapa nilitumia udi. Tulichagua siku ya upepo, tukazima hita na tanki la maji moto la gesi (feni zinaweza kuvuta moshi wa gesi urudi ndani), tukafunga madirisha yote, tukawasha feni za kutolea hewa za jikoni na bafuni. Feni zikitoa hewa, nyumba inaivuta nyingine kwa kila tundu. Nikawasha kijiti cha udi nikapita nacho polepole kando ya kuta, kama mtu anayefukiza chumba cha bibi harusi. Moshi ukipanda wima, hapo pazuri. Ukikatika na kukimbilia pembeni, hapo pana mdomo. Nilikuta kumi na saba. Mbaya kuliko yote ni kifuniko cha ngazi ya kupandia darini, ubao mwembamba usio na chochote juu yake. Moshi ulilala kabisa. Wa pili ulikuwa chini ya sinki la jikoni, ambapo bomba linapita kwenye ukuta wa nje kwa tundu la ukubwa wa chungwa. Tukaziba kwa povu la kupuliza na silikoni, mlango wa banda la gari tukauwekea mpira chini, kifuniko cha ngazi tukakitengenezea sanduku la povu gumu.

Mfuatano una maana. Ukiziba nyumba kwanza, joto linalotorokea darini linapungua, dari inakuwa baridi zaidi, na bomba lisilofunikwa linakuwa hatarini kuliko mwanzo. Funika mabomba kwanza, ndipo uzibe.

Mengine yalikuwa madogo. Koki ya kufunga maji yote ya nyumba ikawekwa ukutani ndani ya banda la gari, yenye mkono mwekundu, na kila mtu wa nyumba hii kuanzia miaka saba amekwisha kuifunga kwa mkono wake mwenyewe. Ufunguo wa T uko kwenye msumari kando yake. Mpira wa bustani unafunguliwa Novemba, kwa kuwa ukibaki umefungwa unashikilia maji ndani ya koki, nayo inapasukia ndani ya ukuta. Kengele za kaboni monoksaidi ziko mbili, za betri.

Jaribio lilikuja tarehe 22 Desemba 2022. Upepo wa kaskazini ulifika asubuhi na joto likaporomoka ndani ya saa chache. Alfajiri ya tarehe 23 ilikuwa kama nyuzi 12 chini ya sifuri. Nilikuwa nimeweka vipima joto vya bei rahisi, vile vinavyotuma namba kwa redio. Hewa ya darini ilifika 6 chini ya sifuri. Chini ya lile hema la pamba, kando ya bomba lililopasuka 2021, ilikuwa 9 juu ya sifuri. Niliisoma namba hiyo mara tatu, nikamwita mume wangu aje aione. Chini ya sinki la jikoni, milango ya kabati ikiwa imefungwa, ilikuwa 3. Tulipoifungua joto la jikoni likaingia, ikapanda mpaka 8 ndani ya saa moja. Tuliacha koki mbili zikidondosha, za mbali kabisa na tanki, upande wa moto na wa baridi.

Lakini safari hiyo umeme ulikuwapo. Nyuzi 9 za chini ya hema ziliazimwa kutoka kwenye nyumba yenye joto la 20. Umeme ukikatika siku mbili na nusu tena, hema litachelewesha tu. Kwa hali hiyo tumeshakubaliana: chumba kikishuka nyuzi 8 na umeme haujarudi, tunafunga koki nyekundu, tunafungua koki zote za ndani na ile ya nje iliyo chini kuliko zote, maji yamwagike, na ndoo za kunywa na za choo ziwe zimejazwa kabla. Tanki la maji moto tunalizima gesi kwanza.

Dada wa Bukavu bado anapanga. Mpangaji hawezi kupanda darini, na fleti yao iliharibiwa na bomba la kuzimia moto lililopasuka ghorofa ya juu, si kosa la yeyote aliyelala humo. Alichoweza kufanya amefanya: ameandika namba ya dharura ya msimamizi kwenye mlango wa friji, anajua koki ya kufunga maji iko nyuma ya mashine ya kufulia, amekata bima ya mpangaji kwa vyombo vyake, na mbabula imefungwa kwa mnyororo kibarazani kuanzia Desemba hadi Machi. Watoto wake wanajua njia ya kuja kwetu kwa miguu.

Kwangu limebaki bomba moja. Linateremka ndani ya ukuta wa banda la gari kwenda kwenye mashine ya kufulia, upande wa kaskazini, na hakuna pamba nyuma yake. Desemba ile lilisoma nyuzi 1. Fundi amesema tukate ukuta tulihamishie upande wa ndani, kazi ya siku moja. Tumemwita aje Oktoba.